Popo wa Pemba walivyopindua meza mbele ya mtutu wa bunduki

UKITAJA michezo Pemba, akili za wengi zinakimbilia Gombani. Ni pale Chake Chake, Januari 13, 2025, ambapo Zanzibar Heroes iliichapa Burkina Faso mabao 2-1 na kubeba Kombe la Mapinduzi. Wengine watakutajia mchezo wa ng'ombe, ule wa vijana kumchezea fahali kwa kanga na fimbo huku ngoma na nyimbo zikipigwa, ambao wazee husema uliachwa na Wareno.

Lakini upo mchezo mwingine kisiwani humo ambao ni mkongwe zaidi, na hauna jukwaa wala tiketi. Ni uwindaji, au usasi kama wanavyouita watu wa visiwani. Una mbwa, nyavu, mitego, manati na bunduki. Una mafundi wake waliorithi kazi kwa baba na babu.

Tofauti na mchezo wa ng'ombe ni moja tu. Fahali wa Pemba haui wala hauawi. Mchezo ukiisha anafungwa kamba na kurudishwa zizini. Kwenye usasi, anayefungwa bao harudi.

Ndiyo maana stori ya popo wa Pemba inafaa kusimuliwa kwenye kurasa za michezo. Huyu ni mnyama aliyewindwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu waliopita kisiwani wakawaona wachache mno. Alikuwa dakika ya 89, yuko nyuma mabao matatu, na nusu ya kikosi imetolewa nje. Kufikia mwaka 2007, hesabu ikaonyesha wapo zaidi ya 18,000.

Huko mpirani wanaita kupindua meza. Na waliopindua meza hiyo ni wanakijiji wa Pemba wenyewe, wakiwemo watu wa vijiji vilevile ambavyo vijana wake walikuwa wakienda na bunduki.

Kikosi cha msituni

Anayekuja Pemba akidhani atakutana na nyati, pofu au simba, amepotea njia. Kisiwa hiki kimetengwa na Bara na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na kilijitenga zamani sana. Unguja ni tofauti. Katika zama za barafu, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, bahari ilipokuwa chini, Unguja iliungana na Bara. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui na Pemba haikuwa naye.

Kwa hiyo kikosi cha wanyama wa Pemba ni kidogo, lakini kina wachezaji ambao huwapati kwingine.

Wa kwanza ni paa. Ni mdogo kuliko mbuzi, mwepesi, anajificha kwenye vichaka vizito. Huyu wa Pemba ni tawi la paa chesi, na wataalamu wanamtambua kama tawi la kisiwa hiki peke yake. Makao yake makubwa ni msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi, wenye ukubwa wa takriban hekta 1,440, pamoja na mabaki ya misitu ya Ras Kiuyu na Msitu Mkuu upande wa kaskazini mashariki.

Paa huwindwa kwa mbwa na nyavu, au kwa mtego wa kitanzi unaotegwa kwenye njia yake. Ukitazama kwa jicho la mpira, msako wa mbwa na nyavu ni mtego wa kuotea. Kundi moja linaingia msituni na mbwa, linapiga kelele na kumsukuma mnyama mbele. Kundi la pili limeshatandaza nyavu upande wa pili, limekaa kimya. Paa akikurupuka anadhani anakimbilia usalama, kumbe anakimbilia mikononi mwa mabeki.

Wa pili ni nguruwe. Inaelezwa kuwa waliletwa na Wareno, ambao walitawala mwambao huu kuanzia karne ya 16, na waliobaki wakageuka kuwa wa porini. Kisiwa ambacho karibu wote ni Waislamu hakina haja na nyama yake. Nguruwe anasakwa kwa kosa jingine: usiku mmoja anaweza kufukua shamba la muhogo na kumwacha mkulima akianza upya. Hapa usasi ni ulinzi wa shamba, na anayeuawa hubaki hapohapo alipoangukia.

Wa tatu ni tumbili, ambaye naye kesi yake ni ya mashambani. Anakula ndizi, mahindi na chochote kilichopandwa karibu na kichaka. Vijana wanamfukuza kwa manati, mawe, mbwa na makelele, na mechi hiyo haina mshindi. Asubuhi anafukuzwa, jioni karudi.

Ngezi pia ina wachezaji wa mkopo. Katika miaka ya 1970, kima punju 14 walichukuliwa Unguja na kuachiwa humo ili kama Unguja itaharibikiwa, Pemba ibaki na akiba. Mkopo huo haukuzaa timu kubwa, lakini haukufa. Ukoo wake ungalipo msituni.

Wa nne ndiye nyota mwenyewe: popo.

Mabawa ya mita moja na nusu

Huyu si yule popo mdogo anayekatiza sebuleni jioni. Popo wa Pemba akikunjua mabawa anafika takriban mita 1.6 kutoka ncha hadi ncha, sawa na urefu wa mtu mzima wa kawaida. Uso wake unafanana na wa mbweha, manyoya yake ni mekundu yenye kuelekea kahawia, na hafuati mdudu wala damu. Anakula matunda na maua.

Mchana kutwa ananing'inia kichwa chini kwenye miti mikubwa, mamia kwa maelfu mahali pamoja. Jua likizama wanaruka kwa makundi kwenda kutafuta embe, shelisheli na matunda ya mikuyu, na kulamba maua ya misufi. Kabla ya alfajiri wanarudi.

Mwaka 1909 mtaalamu wa Kijerumani, Paul Matschie, ndiye aliyemtambulisha rasmi kwa wanasayansi na kumpa jina la Mjerumani mwenzake, Alfred Voeltzkow, aliyewahi kufanya utafiti katika visiwa hivi. Ila kwa Wapemba huyu ni mkazi wa zamani tu, na dunia nzima haina kisiwa kingine anakoishi. Akiisha Pemba, ameisha.

Si kila Mpemba anakula popo. Wapo wasiotaka hata kumsikia jikoni, na suala la uhalali wa nyama yake lina mjadala wake wa kidini. Lakini wapo ambao kwao popo alikuwa kitoweo kizuri, na katika kisiwa ambacho nyama ya ng'ombe haipo kila siku, kitoweo cha bure kinachoning'inia mtini ni kishawishi.

Zamani alinaswa kwa mbinu za mikono: nyavu zilizoinuliwa kwenye njia anayopita kwenda kula, na ulimbo, yaani utomvu wenye kunata unaopakwa kwenye matawi anayoyapenda. Kazi hiyo inataka kujua mti upi umeiva, popo wanakuja saa ngapi, upepo unatoka wapi. Ukibahatika unarudi na popo wawili au watatu. Ukikosea hesabu unarudi na mbu tu.

Mbinu hizo zilimpunguza popo, ila hazikummaliza. Zilikuwa na kikomo ndani yake. Mtu mmoja na ulimbo wake hawezi kuvuna kituo kizima kwa usiku mmoja.

Bunduki ilivyovuruga mechi

Mambo yaligeuka bunduki za marisau zilipozoeleka. Marisau ni vile vipande vidogo vya risasi vinavyotawanyika vikitoka mtutuni. Ukimpigia kanga porini unaweza kumpata mmoja. Ukiipigia kwenye mti wenye popo mia wamebanana, hesabu ni nyingine kabisa. Wanaanguka kadhaa kwa mlio mmoja, na wengine wanaruka na majeraha kwenda kufia mbali, ambako hakuna anayewaokota.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye kapu. Kituo kikipigwa risasi mchana, popo wote wanakurupuka. Mama mwenye kichanga kifuani naye anaruka. Vichanga vinaanguka. Kundi likisumbuliwa mara kwa mara linahama kabisa na kwenda kutafuta miti mingine, ambayo huenda haina usalama wowote.

Hapo ndipo inapobidi kuelewa akademi ya timu hii. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Mmoja tu. Kuku anaweza kuangua vifaranga kumi na mwezi ujao akaanza tena. Popo hana uwezo huo.

Chukulia kituo cha popo 1,000, nusu yao majike. Hata kila jike akijifungua na kila mtoto akaishi, jambo ambalo halitokei, unaingiza wachezaji wapya 500 kwa mwaka mzima. Ondoa wanaokufa kwa njaa, dhoruba na maradhi. Sasa weka watu wachache wenye bunduki wanaokuja kila wiki na kuondoka na popo kumi kumi. Klabu hiyo inauza wengi kuliko inavyokuza, na kushuka daraja ni suala la muda.

Wakati huohuo uwanja wenyewe ulikuwa unapungua. Pemba ilikuwa na misitu mingi kabla ya karne ya 19. Kisha ikaja mikarafuu, iliyoenea visiwani wakati wa Seyyid Said, na baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo ghala la karafuu. Miti ya asili ilikatwa kupisha mashamba, nyumba na kuni. Popo akabaki na vijisitu vilivyotawanyika, na baadhi ya vilivyosalimika ni vile vya makaburi ya zamani, kwa sababu watu waliona vibaya kukata miti juu ya wazee wao.

Mwaka 1996, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) ulimweka popo wa Pemba kwenye daraja la hatari kubwa kabisa, hatua moja kabla ya kutoweka porini.

Wanakijiji wachukua filimbi

Sasa sikia mbinu iliyotumika. Ingekuwa rahisi kupiga marufuku kwenye karatasi, kupeleka askari wawili watatu na kusubiri. Pemba ina mashamba na vichaka kila upande, na askari hawezi kulala chini ya kila mti.

Katikati ya miaka ya 1990, watu wa Idara ya Misitu na shirika la Fauna & Flora International walianza kwa kukaa na vijiji vyenye vituo vya popo. Zikaundwa klabu za mazingira za wanakijiji, na mbili za mwanzo zinazojulikana ni za Kidike na Kangagani. Klabu hizi zilikuwa na kazi tatu: kulinda miti, kuwazuia wenye bunduki, na kuwaelimisha wengine kwa nini popo ana faida.

Somo la faida halikuwa la kubuni. Popo wala matunda ndio wanaosafirisha mbegu usiku, wakila hapa na kudondosha kule. Ndio pia wanaochavusha maua yanayofunguka gizani, kama ya mbuyu na msufi, ambayo nyuki wa mchana hana shughuli nayo. Mkulima anayemlaumu popo kwa embe lake moja aliambiwa atazame na upande wa pili wa hesabu.

Jambo lililouma zaidi lilikuwa umiliki. Mwenye bunduki akitoka mjini na kuja kupiga popo Kidike, anaondoka na kitoweo. Kijiji kinabaki na miti mitupu. Mgeni akija kutazama, analipa kiingilio na popo anabaki palepale kumsubiri mgeni wa kesho. Popo yuleyule, mapato mawili tofauti. Kidike wakachagua kiingilio, na leo kituo chao, kilicho eneo la Mjini Ole katikati ya Chake Chake na Wete, ni moja ya sehemu zinazotajwa kwanza kwa mgeni anayeuliza Pemba kuna nini.

Matokeo yakaanza kuonekana kwenye ubao. Hesabu ya miaka ya 1990 iliweka popo kati ya 4,600 na 5,500. Ya mwaka 2007 ikavuka 18,000. Mwaka 2008 IUCN ikampandisha madaraja mawili kwa mpigo, kutoka lile la hatari kubwa kabisa hadi lile la walio katika mazingira magumu. Si kwamba kapona moja kwa moja, ila katoka mkiani.

Ni wanyama wachache waliowindwa kwa kiwango kile wakarudi kwa kasi ile ndani ya kisiwa chenye watu wengi kama Pemba.

Leseni ya Bara haichezi Pemba

Shabiki wa Bara anaweza kujiuliza: nikitaka kuwinda kihalali, naanzia wapi? Jibu lake linafanana sana na mpira wetu. Kama vile TFF ina ligi yake na ZFF ina yake, wanyamapori nao si jambo la Muungano. Kibali cha Bara hakivuki bahari.

Upande wa Bara, mwenye filimbi ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), na kitabu chake ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009. Uwindaji wa kitalii unafanyika kwenye vitalu vilivyopimwa, katika maeneo kama Maswa, Rungwa, Moyowosi na sehemu ya Selous iliyobaki pori la akiba. Sehemu kubwa ya Selous iligeuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuwinda kabisa.

Msimu wa kitalii hufunguliwa Julai, ardhi ikiwa imekauka na nyasi zimelala. Kila mnyama ana ada yake, idadi yake na masharti yake, na mwindaji mgeni anafuatana na mwindaji bingwa mwenye leseni. Mwananchi naye anaweza kuomba leseni ya kuwinda kitoweo katika maeneo yaliyo wazi. Nyama yenyewe sasa ina mlango wa halali: tangu mwaka 2020 zipo kanuni za mabucha ya nyamapori, kwa hiyo anayetamani pofu au swala anaweza kununua kwa risiti badala ya kununua gizani.

Kadi nyekundu za Bara ziko wazi. Kumpiga mnyama ukiwa ndani ya gari, kutumia sumu, kutega nyaya, kummulika kwa taa usiku ili apigwe na butwaa: yote ni makosa. Sababu ni ileile ya ulimbo na marisau. Mchezo lazima umwachie mnyama nafasi ya kukimbia, na umlazimishe mwindaji kuchagua nani wa kumpiga.

Tanzania yenyewe imewahi kusimamisha uwindaji wa kitalii mwaka 1973 na kuurudisha mwaka 1978. Kenya ilifunga kabisa mwaka 1977 na haijafungua tena. Wahadzabe wa Bonde la Eyasi, ambao upinde ndio maisha yao, wanaendelea kuwinda chakula chao.

Visiwani, kitabu ni Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu Namba 10 ya mwaka 1996, na mlango wa kugonga ni Idara ya Misitu. Mnyama kama popo wa Pemba hayumo kwenye orodha ya vitoweo. Anayesumbuliwa na nguruwe au tumbili shambani anaanza kwa sheha wake, ambaye ndiye anayejua njia ya kufika kwa maofisa wa misitu.

Unguja walichelewa kupuliza

Ili uone Pemba ilivyopona, vuka maji uende Unguja.

Unguja ndiyo ngome ya wasasi. Makundi yao ya mbwa na nyavu yana mpangilio kama wa timu: nani anaongoza mbwa, nani anakaa kwenye nyavu, nyama inagawanywaje. Kwa miaka mingi mnyama wao mkubwa alikuwa paa nunga, mwenye manyoya mekundu na madoa meupe miguuni, ambaye duniani anapatikana Unguja na kwenye misitu michache ya pwani ya Kenya.

Mwaka 1983 alikadiriwa kuwa na idadi ya 5,000 kisiwani. Mwaka 1996 wakawa 2,000. Mwaka 1999 wakabaki takriban 600. Hiyo ni timu iliyofungwa msimu baada ya msimu bila kubadili kocha. Msitu ulikatwa, na msako ukaendelea kama vile paa bado ni 5,000. Wachache walihamishiwa visiwa vya Chumbe na Mnemba kama akiba, na Jozani na Ghuba ya Chwaka ikatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004.

Chui wa Unguja alikuwa na bahati mbaya zaidi. Alihusishwa na uchawi, ikaaminika kuna watu wanaowafuga ili kuwadhuru wenzao, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaendeshwa kampeni ya kuwasaka. Wanasayansi wengi leo wanamhesabu kuwa ametoweka. Kwake hakuna mechi ya marudiano.

Mauritius ilipiga, Pemba ikalinda

Mbali zaidi, ndani ya Bahari ya Hindi hiihii, Mauritius nayo ina popo wake mkubwa wa matunda. Wakulima wa embe na lichi walilalamika kwamba anawamaliza. Mwaka 2015 serikali ikaagiza wapigwe risasi, na zaidi ya 30,000 wakauawa. Mwaka uliofuata kazi ikarudiwa. Mwaka 2018 IUCN ikamshusha daraja popo huyo na kumweka miongoni mwa walio hatarini kutoweka.

Madagascar wamechukua njia ya kati: sheria inamtambua popo kama mnyama wa kuwindwa, ila kwa msimu, kuanzia Mei mosi hadi Septemba mosi, ili miezi mingine azae na kulea. Tatizo la kule ni lile ambalo refa yeyote analijua. Kanuni ipo, ila nani yuko uwanjani kuipulizia?

Ukiweka visiwa hivyo mezani na Pemba, Pemba inaongoza kwa jambo moja. Haikuwa na fedha za Mauritius wala ukubwa wa Madagascar. Ilikuwa na watu wanaolala umbali wa mita mia kutoka kwenye kituo cha popo, ambao walikubali kwamba mlio wa bunduki usiku ni jambo lao.

Mechi bado mbichi

Hata hivyo, asije mtu akadhani filimbi ya mwisho imepulizwa.

Mwaka 2002 Pemba ilikuwa na watu takriban 362,000. Sensa ya 2022 ikahesabu zaidi ya 540,000, kwenye kisiwa kisichofika kilomita za mraba 1,000. Watu hao wanahitaji nyumba, kuni, mashamba na kitoweo. Mti mkubwa wa mvule au msufi ambao popo 300 wanaulalia, fundi seremala anauona kwa jicho jingine kabisa, na mwenye shamba ana watoto wa kusomesha. Ukikatwa, popo hawauawi na mtu yeyote, lakini wamepoteza uwanja wa nyumbani.

Pili, ulinzi wa vijiji unategemea kwamba kuna kinachoingia kijijini. Kituo chenye wageni kama Kidike kina sababu ya kulindwa kila siku. Kituo kilicho mbali na barabara, au kwenye kisiwa kidogo ambako mgeni hafiki, kinalindwa kwa moyo tu. Moyo ni mzuri, ila msimu mrefu wa njaa unaujaribu. Mgawo wa mapato ya utalii ukiishia kwa vijiji viwili vitatu, vingine vitauliza vinafaidika na nini.

Tatu, kizazi kilichoona miti ikibaki mitupu kinazeeka. Kijana wa miaka 20 leo amezaliwa popo wakiwa wengi. Kwake maelfu ya popo jioni ni jambo la kawaida, na kitu cha kawaida ni rahisi kukichezea. Huyo ndiye anayehitaji kuambiwa kwamba babu yake aliwahi kukaa jioni nzima asione hata mmoja.

Kwa shabiki atakayekwenda Gombani kutazama Mapinduzi, Kidike iko njiani kuelekea Wete kwa barabara ya zamani ya Ole. Utaratibu ni mwepesi: fika alasiri, lipa kiingilio kwa wenyeji, fuata mwongozaji, ongea kwa sauti ya chini. Usipige makofi wala kurusha jiwe ili waruke upate picha. Kila wanapokurupushwa mchana wanapoteza nguvu waliyoitafuta usiku kucha, na mwenye kichanga anaweza kukidondosha. Usimshike popo kwa mkono, awe mzima au mfu, na tunda lililong'atwa usilile. Jua likizama wataondoka wenyewe, kundi baada ya kundi, bila kuambiwa.

Na kwa aliye na bunduki ya marisau nyumbani Pemba, hesabu ni ileile ya akademi: jike mmoja, mtoto mmoja, mwaka mzima. Ilichukua zaidi ya miaka 10 ya ulinzi kuwatoa popo kutoka 5,000 hadi 18,000. Kuwarudisha walikotoka hakuhitaji muda wote huo. Inatosha vijiji vichache vichoke kulinda kwa misimu miwili mitatu, na wenye bunduki wawahi kujua.